Klachi ya kuteleza: Ni ugonjwa au ni dawa?

(Maoni haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, Jumapili moja ya mwezi uliopita mpwa wangu alifika nyumbani wakati wa mchana, sisi tukiwa tumemaliza kula. Kijana huyu ana miaka 24, na kazi yake ni kupeleka chakula na vifurushi kwa wateja hapa jijini Dar es Salaam. Anatumia pikipiki ya cc 150, ambayo amemaliza kuilipia mwaka huu baada ya miezi mingi ya kupeleka hesabu kwa mwenyewe. Nilimwona anachechemea. Goti la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji na kiwiko kimechubuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeanguka tena?"

"Nimeanguka, mjomba. Tairi la nyuma limenikimbia."

Ilikuwa mara ya pili katika msimu mmoja wa mvua. Baada ya kunywa maji alitoa simu akanionyesha picha ya kifaa cha chuma cha mviringo, kinachong'aa kama sufuria mpya. Alisema mfanyabiashara mmoja wa spea anakiuza kwa shilingi 350,000, na kwamba mwenye kukifunga kwenye pikipiki yake haanguki tena kwa kushusha gia. Yeye alikuwa na shilingi 200,000. Zilizobaki alikuwa amekuja kuniomba mimi.

"Kinaitwaje?" nikamwuliza.

"Slipa, mjomba. Klachi ya slipa."

Mke wangu, aliyekuwa anakusanya vyombo, alicheka akasema kwamba kwake yeye slipa ni kandambili, na kwa bei hiyo angenunua za mtaa mzima. Tulicheka sote. Lakini kijana mwenyewe hakucheka sana. Goti lilikuwa linamuuma, na kila siku anayolala nyumbani ni siku isiyo na kipato.

Basi nikaona jambo hili linastahili kuzungumzwa hapa, kwa sababu najua mpwa wangu hayuko peke yake. Miji yetu imejaa vijana wanaoishi juu ya pikipiki, na kila mmoja huonyeshwa kifaa kipya kila wiki. Swali ni moja: je, klachi ya slipa ina thamani ya fedha inayoombwa? Ili tujibu, lazima kwanza tujue ni kitu gani. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe linatatiza. Kwa fundi yeyote wa gereji, klachi inayoteleza ni ugonjwa. Unapanda kilima umebeba mzigo, unavuta mafuta, injini inalia kwa nguvu lakini pikipiki haiendi. Hapo fundi atakwambia klachi pleti zimekwisha au kebo imekazwa mno. Sasa inakuwaje mtu auziwe kwa bei kubwa klachi ambayo sifa yake ni kuteleza? Jibu ni kwamba hii nyingine huteleza upande mmoja tu, tena kwa wakati maalumu.

Kazi ya klachi ni kuunganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Katika pikipiki nyingi kuna bakuli linalozungushwa na injini. Ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili, moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Aina ya kwanza ni zile zilizobandikwa ngozi ngumu ya kukamata, na hizi huzunguka pamoja na bakuli. Aina ya pili ni za chuma kitupu, na hizi zimeshikana na kitovu cha katikati, ambacho ndicho kinachozungusha giaboksi, cheni na hatimaye tairi la nyuma. Juu yake kuna sahani ya kukandamiza na springi zake. Springi zikibana, pleti zote huwa kitu kimoja, na nguvu ya injini hufika tairini. Ukivuta mkono wa klachi, springi huachia, pleti huachana, na injini huzunguka peke yake.

Watu wengi hudhani nguvu hutoka kwenye injini kwenda kwenye tairi, basi. La hasha. Ukifunga mafuta ghafla pikipiki ikiwa kwenye mwendo, mambo hugeuka: sasa tairi ndilo linalosukuma injini. Injini nayo hukataa, kwa sababu inapaswa kuvuta hewa kupitia tundu lililofungwa na kushinda msuguano wa vyuma vyake. Ukinzani huo ndio tunaouhisi kama breki ya injini. Ni jambo jema, na dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga kule Iringa anajua kwamba bila gia nzito breki zake zingewaka moto kabla hajafika chini.

Ubaya huja pale breki hiyo inapoingia kwa ghafla. Tuchukue mfano. Katika pikipiki nyingi ndogo, kwa mwendo uleule wa tairi, injini iliyo katika gia ya kwanza huzunguka karibu mara moja na nusu ya inavyozunguka katika gia ya pili. Kama ulikuwa gia ya pili na injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika, ukiingiza ya kwanza bila kupunguza mwendo, injini inatakiwa izunguke karibu mara 6,000. Lakini wewe umefunga mafuta, na wakati umeshika klachi injini imeshuka mpaka mzunguko wa taratibu kabisa. Ukiachia klachi kwa pupa, tairi la nyuma linalazimishwa kuipandisha injini mpaka mara 6,000 kwa kufumba na kufumbua. Kama haliwezi, linaacha kushika lami na kuanza kuburuzika au kurukaruka.

Wakati huohuo umekanyaga breki. Pikipiki inapofunga breki uzito hukimbilia mbele, na tairi la nyuma hubaki jepesi. Ukiongeza maji barabarani, mchanga au oili iliyomwagika, huo ndio mwanzo wa kuanguka.

Naeleza haya si kwa kusoma tu. Mwaka 2009, nikiwa mwandishi kijana mwenye pikipiki ya cc 125, nilikuwa nateremka kutoka Kimara kuelekea Ubungo kabla ya alfajiri. Nilikuwa nawahi zamu ya taarifa ya habari ya asubuhi, na ilikuwa masika. Daladala lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla kupakia abiria. Kwa hofu nilishusha gia mbili kwa mpigo nikaachia klachi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Tairi la nyuma lilitoka upande wa kulia, mimi nikaenda upande wa kushoto. Namshukuru Mungu kwamba gari la nyuma lilikuwa mbali. Taarifa ya habari ilisomwa na mwenzangu siku hiyo, na kovu lipo hadi leo. Kwa hiyo mpwa wangu aliposema tairi limemkimbia, nilijua anasema nini.

Klachi ya slipa ilitengenezwa kutibu ugonjwa huu. Kitovu chake cha katikati kimekatwa vipande viwili vyenye miteremko inayolaliana. Fikiria kifuniko cha chupa: ukikizungusha upande mmoja kinakaza, ukikizungusha upande wa pili kinainuka. Injini inapovuta tairi, miteremko hutulia na pleti hubanana kama kawaida. Tairi linapoanza kusukuma injini kwa nguvu kupita kiasi, miteremko hupandana, sahani ya kukandamiza huinuliwa kidogo, na pleti huteleza. Injini inapata nafasi ya kupanda taratibu, na tairi linaendelea kuzunguka. Mshtuko ukiisha, pleti hubanana tena. Yote haya hutendeka bila dereva kugusa kitu.

Siku hizi nyingi hutengenezwa na miteremko ya pili ya upande mwingine, ambayo huzidisha kubana pale injini inapovuta. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huweza kutumia springi laini, na mkono wa klachi huwa mwepesi. Kwa mtu anayeshika klachi mara mamia katika foleni ya mjini, hiyo ni faida anayoisikia kwenye vidole kila siku.

Teknolojia hii ilizaliwa kwenye mashindano. Mwaka 1979 Honda walipeleka Silverstone, Uingereza, pikipiki ya ajabu iitwayo NR500, yenye pistoni za umbo la yai. Wenzao wote walikuwa na injini za mipigo miwili, ambazo breki yake ya injini ni hafifu. Honda wakaja na mipigo minne inayozunguka kwa kasi kubwa mno, na breki ya injini ikawa tatizo. Ikawabidi waiwekee klachi ya kupunguza nguvu inayorudi nyuma. Mashindano yenyewe hayakuwaendea vizuri siku ile, maana pikipiki zao zote mbili hazikumaliza, lakini wazo lilibaki. Mwaka 2002, mashindano makubwa ya dunia yaliporuhusu injini za mipigo minne za cc 990 kupambana na zile za cc 500 za mipigo miwili, klachi za namna hii zikawa jambo la lazima. Valentino Rossi, aliyekuwa bingwa mwaka 2001 kwa pikipiki ya mipigo miwili, alishinda tena mwaka 2002 kwa ile ya mipigo minne.

Kutoka huko zikateremka kwa watu wa kawaida. Kawasaki Ninja 300, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2012, ilikuja nayo kutoka kiwandani. Bajaj wa India waliiweka kwenye Dominar 400. Royal Enfield nao waliiweka kwenye pikipiki zao za cc 650 zilizotoka mwaka 2018. Kwa hiyo si uzushi wa wafanyabiashara. Ni kifaa cha kweli, kinafanya kazi, na kimethibitika.

Lakini je, kinamfaa nani?

Kinamfaa kwanza mtu mwenye pikipiki kubwa ya mipigo minne, hasa yenye silinda moja kubwa au mbili za umbo la herufi V, ambazo breki yake ya injini ni kali. Kinamfaa mtu anayekimbia kwa kasi, anayeshusha gia tatu akikaribia kona huku pikipiki imeanza kulala. Mtu huyo ana kazi nyingi kwa mara moja: breki, mwili, macho, kona. Kumpunguzia kazi moja ni kumwongezea usalama. Akienda uwanja wa mashindano mara kwa mara, mimi simpingi hata kidogo akinunua.

Hata hivyo ajue gharama. Klachi nzuri ya kufunga mwenyewe kwenye pikipiki kubwa huuzwa kuanzia dola mia kadhaa hadi zaidi ya dola 1,000. Kwa hapa kwetu, hizo za bei ya juu zinakaribia bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Tena baadhi zinahitaji unene wa pleti upimwe kwa makini, maana kosa la sehemu ndogo ya milimita huharibu utendaji wake, na pleti zikichakaa vipimo hubadilika. Ndiyo maana mara nyingi ushauri wa busara ni huu: kama unaitaka kweli, nunua pikipiki iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa turudi kwa kijana wa cc 150. Injini yake ni ndogo, na breki yake ya injini ni ndogo vilevile. Mwendo wake wa mjini ni kilomita 30, 40, mara chache 60 kwa saa. Yapo mambo manne ambayo mwuza spea hakumwambia.

La kwanza, klachi ya slipa haizuii tairi kufungwa na breki. Ukikanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likasimama, klachi haina habari. Inashughulika na nguvu inayopita kwenye cheni tu.

La pili, haiondoi breki yote ya injini, lakini inaipunguza pale inapokuwa kali. Anayeshuka Lushoto kwenda Mombo amepakia abiria na gunia, akiwa na breki za ng'oma zinazopata moto, huyo anaihitaji breki ya injini kuliko anavyoihitaji slipa.

La tatu, ndugu zangu, ni kusukuma. Nani kati yetu hajasukuma pikipiki asubuhi betri ikiwa imekufa? Unapoisukuma na kuachia klachi, unalitumia tairi kuzungusha injini. Hiyo ndiyo nguvu ya kurudi nyuma, ileile ambayo slipa imetengenezwa kuikataa. Pikipiki nyingi zenye klachi hiyo huwa ngumu zaidi kuwaka kwa kusukumwa. Mwenye kiki anaweza asijali, lakini asiyekuwa nayo ataikumbuka siku akiwa Chanika saa nne usiku.

La nne, kifaa hiki hakimfundishi mtu kuendesha. Ukizoea kuachia klachi ovyo kwa sababu ipo slipa, siku utakayopewa pikipiki ya rafiki yako utaanguka nayo.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno yaliyonigusa. "Mjomba, wewe unaongea ukiwa umekaa. Mimi kesho asubuhi naingia tena barabarani, na mvua inanyesha. Niambie basi nifanye nini."

Hapana shaka alikuwa na haki. Mtu aliyeanguka mara mbili hatafuti mhadhara. Nikamwambia sitampa fedha ya slipa, ila kesho yake asubuhi tungekwenda pamoja kwa fundi wangu, na chochote ambacho fundi angekiona kina kasoro ningelipia mimi.

Fundi yule ni mzee wa makamo, hana maneno mengi. Kabla ya kushika spana alimwuliza kijana swali moja: "Ulipoanguka ulikuwa na mzigo?"

"Hapana, nilikuwa narudi. Sanduku lilikuwa tupu."

"Na mguu wa kulia ulikuwa wapi?"

Kijana akafikiri. "Kwenye breki."

Fundi akatikisa kichwa, akainama. Tairi la nyuma lilikuwa limelika katikati mpaka likawa kama upara. Upepo wake ulikuwa mwingi kupita kiasi, kwa sababu kijana alikuwa anajazia kwa ajili ya mizigo mizito, na anaporudi mtupu tairi linakuwa gumu kama jiwe na sehemu inayogusa lami inapungua. Cheni ilikuwa imelegea, inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo kila anapoachia klachi nguvu haiji polepole bali inapiga kama nyundo. Pedali ya breki ya nyuma ilikuwa imekazwa mno, ukiigusa tu imekamata.

Mwisho fundi akagusa mkono wa klachi, akacheka kwa mara ya kwanza. Kebo ilikuwa imekazwa mpaka haina nafasi hata kidogo ya kucheza. "Kijana," akasema, "ukipanda kilima na mzigo injini inalia bure?"

"Ndiyo, mzee. Siku hizi inalia."

"Basi slipa unayo tayari, tena ya bure. Ila yako inateleza unapotaka kwenda."

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo nililotaka tulizingatie. Klachi yake ilikuwa inashindwa pale injini inapovuta kwa nguvu zote, lakini breki ya injini, ambayo nguvu yake ni ndogo kuliko ya kuvuta, bado ilikuwa inapita na kulifikia tairi lenye upara. Kijana alikuwa na ubaya wa pande zote mbili. Kama angefunga kifaa kipya cha shilingi 350,000 juu ya tairi lile, cheni ile na breki ile, angeanguka mara ya tatu, na safari hii angekuwa na deni.

Tulinunua tairi jipya la nyuma. Upepo ulipimwa kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, cheni ikakazwa, pedali ikarekebishwa, kebo ya klachi ikapewa nafasi yake ya milimita chache. Fundi alibadilisha pia oili. Hapo napenda nisisitize: pleti za klachi za pikipiki nyingi zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingine za magari zimewekwa dawa za kupunguza msuguano, na dawa hizo hufanya klachi iteleze. Tafuta chupa ya oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Gharama yote, pamoja na ufundi, haikufika shilingi 120,000.

Kisha tukaenda kwenye kiwanja cha wazi kujifunza jambo ambalo halina bei. Ni hivi: unapotaka kushusha gia, punguza mwendo kwanza kwa breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa kuzibana taratibu. Shika klachi. Piga resi kidogo tu, kama mtu anayekohoa. Shusha gia moja, wala si mbili. Kisha achia klachi polepole. Ile resi ndogo inaipandisha injini karibu na mzunguko unaotakiwa, hivyo tairi halina kazi ya kuivuta kwa nguvu. Slipa hufanya kazi hiyo kwa miteremko ya chuma, na wewe unaifanya kwa kiganja na vidole. Na gia ya kwanza iache mpaka pikipiki inakaribia kusimama.

Mara za mwanzo ilimshinda. Alikuwa anapiga resi nyingi, pikipiki inaruka kama mbuzi, watoto waliokuwa wanacheza mpira wakamcheka. Baada ya nusu saa alianza kuishika. Baada ya saa moja nilikuwa sisikii tena ule mlio wa tairi kukwaruza.

Sitaki kuwadanganya kwamba ameshawishika kabisa. Juzi alinipigia simu akaniambia hajaanguka tangu siku ile, ingawa mvua imenyesha sana. Kisha akaongeza: "Lakini mjomba, nikipata pikipiki kubwa, slipa nitaiweka." Nikamwambia akipata pikipiki kubwa atafute iliyokuja nayo, na mimi nitakuwa wa kwanza kuomba kuijaribu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la leo ni hili. Kwa pikipiki kubwa, yenye kasi, na kwa mwenye uwezo, klachi ya slipa ni kifaa chema, na bora zaidi ikitoka kiwandani. Kwa kijana wa cc 150 anayetafuta riziki mjini, fedha hiyo iende kwanza kwenye tairi, breki, cheni na kofia ngumu. Ikibaki, aiweke akiba.

Na ninyi wauza spea, biashara ni halali na kila mtu anatafuta. Lakini kijana akija dukani anachechemea, kabla ya kumwuzia kifaa kinachong'aa, toka nje mara moja ulitazame tairi lake. Haichukui dakika moja.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.